Shati Hugeuzwa Kwanza

Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi, Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam. Belo limeshushwa kutoka kwenye mkokoteni, kamba zake za plastiki zimekatwa, na nguo zilizokuwa zimebanwa kama matofali zinaanza kuvimba na kumwagika juu ya turubai. Watu wamelizunguka. Mikono inazama mpaka viwikoni, na kila mmoja anavuta kile ambacho jicho lake limekiwahi: rangi kali, mchoro, jina la kampuni kubwa ya Ulaya.

Mwanamke mmoja aliyesimama pembeni hana papara hiyo. Ni mhasibu wa kampuni ya kusafirisha mizigo, na saa nne anatakiwa awe ofisini Kurasini, maana mahesabu ya mwisho wa mwezi hayajui Jumamosi. Anachomoa shati, analigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni kuanzia kwapani mpaka chini, kisha analirudisha. La pili, hivyo hivyo. La tatu, jeupe la mistari ya buluu, analishikilia zaidi, analiinua kwenye mwanga, anagusisha kifungo kwenye mdomo wa juu, analitundika begani. Dakika sita, mashati kumi na moja, moja limepita.

"Dada, unanunua shati au unalipima malaria?" muuzaji anamtania.

"Yote mawili, kaka. Haya, punguza bei."

Mtu mwenye kazi nyingi hupenda kusema hana muda wa kuvaa vizuri. Muda anao, ila humwishia mahali pasipofaa: robo saa kila asubuhi mbele ya kabati lililojaa nguo anazozikwepa. Blauzi hii inabana makwapa. Gauni lile ni zuri lakini zipu yake inang'ata. Suruali ya kijivu ilinunuliwa kwa sababu bei ilishuka, na tangu siku hiyo haijatoka nyumbani. Huyu mhasibu ana mashati sita ya kazi, sketi tatu na suruali mbili, na wenzake ofisini humuuliza ananunua wapi. Ananunua wanakonunua wao. Tofauti yake ni kwamba amejifunza kukataa, tena haraka, na kila alichokikubali kinavalika. Mtindo wake umejijenga wenyewe juu ya msingi huo. Hakuanza kwa kuutafuta.

Kule Rwanda mitumba huitwa caguwa, neno lililotokana na "chagua" la Kiswahili. Hilo ndilo jina sahihi kuliko yote, kwa sababu biashara nzima imo katika kitenzi hicho. Hapa Tanzania iliwahi kuitwa "kafa Ulaya", kwa imani kwamba mwenye nguo hawezi kuiacha nguo nzuri namna hiyo akiwa hai. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Kwa hiyo belo bado linafunguliwa Karume, soko lililoungua Januari 2022 na wafanyabiashara wake wakarudi, na bado linafunguliwa Gikomba jijini Nairobi na Owino jijini Kampala. Mnunuzi anayejua kuangalia ana shule ya bure: ndani ya belo moja la kilo 45 nguo ya kiwanda bora na ya kiwanda hovyo zimelala kifua kwa kifua, na mara nyingi bei yake haipishani.

Shati la mikono mirefu ndilo mwalimu mkuu. Halina bitana ya kuficha siri, na lina kazi zote za ushonaji katika umbo dogo: kola, kafu, mfuko, matundu ya vifungo, pindo lililopinda. Anayeweza kulisoma shati ataweza kusoma gauni, na hata suti kwa kiasi chake.

Kwanza ligeuzwe. Ubavuni, mshono wa bei rahisi huonyesha nyuzi za ovaloki zilizozungushwa kwenye ukingo, zenye manyoya na ncha zinazoning'inia. Mshono wa kazi nzuri hauonyeshi ukingo wowote: kipande kimoja kimekunjwa ndani ya mwenziwe, vikalazwa na kushonwa tena, hata ukipapasa huoni mahali kitambaa kilipokatwa. Mshono huo huchukua muda zaidi mezani kwa fundi, hasa pale kwapani ambapo kitambaa kinazunguka, na ndiyo sababu kiwanda kinachokimbiza hesabu huukwepa. Ila hapa mtu asikurupuke. Ovaloki kwenye fulana si kosa. Fulana ni kitambaa cha kufumwa kinachovutika, na ovaloki huvutika nacho. Kuidai fulana ishonwe kama shati ni sawa na kumlaumu samaki kwa kukosa manyoya.

Kisha zihesabiwe hatua za sindano. Kipande cha kidole gumba kutoka ncha hadi kiungo ni kama inchi moja kwa watu wengi, kwa hiyo kipimo kinatembea na mtu. Kwenye shati la haraka haraka hatua huwa nane au kumi ndani ya inchi hiyo. Zikifika 14 mambo yanaanza kuwa mazuri. Zikifika 18 au 20, aliyelishona hakuwa akilipwa kwa kukimbia. Hatua fupi hubana vizuri zaidi na hunyooka kama mstari wa rula hata kwenye kona ya kola. Kiwanda hakizipendi kwa sababu kila inchi inakula uzi na sekunde. Lakini nazo zina mpaka: kitambaa chepesi kikitobolewa mno huwa kama ukingo wa stempu ya posta, kikachanika pale pale kwenye mshono.

Mistari na mirabaraba husema mengi kuliko lebo. Mfuko wa kifuani wa shati la mistari ukishonwa vizuri haupaswi kuonekana upesi. Mistari yake inaendelea ile ile ya kifua, kana kwamba mfuko umeota hapo. Mbele, pande mbili zinapofungwa, mistari ya kulala ikutane. Kulinganisha hivyo kunataka kitambaa cha ziada kinachoishia kuwa makapi, na hakuna mhasibu wa kiwanda anayependa makapi. Shati la mirabaraba ambalo mfuko wake umepinda nusu inchi limeshakiri kila kitu kabla hujauliza bei.

Kola hupapaswa kwa vidole viwili. Ndani yake kuna kitambaa kigumu kinachoipa msimamo, na kwenye mashati mengi ya siku hizi kimegandishwa kwa gundi na joto. Gundi nzuri hukaa. Gundi mbaya huachia baada ya kufuliwa mara kadhaa, kola ikatoka malengelenge ambayo hakuna pasi itakayoyatuliza. Kwenye mitumba hili ni jambo la heri: nguo imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, kama malengelenge yangekuja yangekuwa yameshakuja. Kola pia igeuzwe na kuangaliwa mkunjo wake wa juu, pale shingo inaposugua. Weupe wa nyuzi zinazoanza kukatika huonekana hapo kabla ya mahali pengine popote. Halafu mwanga: shati linainuliwa dhidi ya jua, sehemu ya viwiko na ya mgongoni. Kitambaa kilichochoka hupitisha mwanga kwa mabaka.

Na kile kifungo mdomoni? Kifungo cha gamba la chaza ni baridi. Mdomo ni mwepesi kuhisi joto kuliko kidole, na plastiki hupata joto mara moja wakati gamba linabaki na ubaridi wake kwa muda. Kifungo cha gamba hakimfanyi mtu kuwa maridadi, wala mwenzake wa mezani hatakijua. Ila kiwanda kilichokubali kulipia vifungo ambavyo karibu hakuna atakayeviona hakikubana senti kwenye mshono. Ni shahidi tu, lakini shahidi mkweli. Pembeni yake liangaliwe tundu la kifungo: nyuzi zilizosongamana, zisizo na ndevu katikati. Tundu lenye ndevu litafunguka kabla ya mwaka kwisha.

Habari za kitambaa ndizo zinazowaponza wengi, kwa sababu macho hayatoshi. Jiji la Dar es Salaam lina joto na unyevu, na shati la ofisini hufanya mtihani wake wa kwanza kabla ya ofisi, ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, mtu amesimama, mkono mmoja juu. Pamba hunywa jasho na kulitoa. Poliesta hailinywi, jasho hubaki juu ya ngozi, na harufu hung'ang'ania nyuzi hata baada ya kufua, mpaka siku shati linapopata joto harufu inafufuka. Kitani ni baridi kuliko vyote, ila kikikaliwa kwenye kiti dakika kumi hujikunja kama karatasi ya maandazi, na mwenye nacho lazima aipende mikunjo hiyo ama asikinunue.

Hata hivyo wanaoitukana poliesta kwa jumla hawajawahi kupiga pasi mashati matano usiku wa Jumapili umeme ukiwa umekatika. Kitambaa cha mchanganyiko, pamba sehemu kubwa na poliesta robo hivi, kinaweza kuwa mkombozi wa mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kinachotakiwa ni kujua ulichonunua. Lebo ikiwa imekatwa, kuna moto. Uzi mmoja unavutwa kutoka kwenye ukingo wa ndani na kuwashwa kwa kiberiti, mbali na nguo zenyewe. Pamba huwaka kama karatasi, hunukia karatasi, na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua na hujizima upesi. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu isiyosagika kwa vidole. Jaribio hili hufanyiwa nyumbani, si juu ya turubai la muuzaji. Masoko yetu yameshaona moto wa kutosha.

Jina la kampuni lina thamani yake, lakini si ile inayodhaniwa. Makampuni makubwa hushonesha nguo za bei mbalimbali chini ya jina moja, na lebo hutungwa upya Kariakoo kwa ustadi wa kutisha. Kwenye jinzi, walau, kuna alama zenye historia. Vile vipini vya shaba kwenye kona za mifuko vilipewa hataza mwaka 1873 kwa jina la Jacob Davis, fundi cherehani, pamoja na Levi Strauss aliyekuwa akimuuzia kitambaa. Kazi yake ni kuzuia mfuko usichanike, na mpaka leo kipini kilicholegea ni dalili mbaya. Kitambulisho chekundu cha Levi's kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu kinaweza kuwa cha kabla ya mwaka 1971, na akikutana nacho mnunuzi afunge mdomo, alipe, aondoke. Zipu zenye herufi YKK zinatoka kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, na zipu ikiwa nzuri mara nyingi na suruali iliyoizunguka ni nzuri. Gikomba wana neno lao kwa nguo za daraja hilo: kamera. Hizo huchukuliwa kwanza na wateja maalumu, na anayefika saa tano hukuta zimekwisha kwenda.

Koti la suti lina jaribio moja linaloshinda mengine. Chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho, shika kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja na kile cha ndani kwa mkono mwingine, uvivute taratibu viachane. Ukihisi kitu cha tatu kinaelea katikati, hicho ni kanvasi, ambacho katika makoti ya jadi huwa na manyoya ya farasi. Hushonwa kwa mkono au mashine, hukaa na mwili na kujifunza umbo la kifua. Ukihisi tabaka mbili tu, ya nje ikiwa ngumu kama kadi, ni gundi. Koti la gundi si uhalifu, ila likiloa mvua ya masika mara mbili tatu, kifua chake kitavimba vipele.

Nguo za ndani za mitumba hazimo katika mwongozo huu. Shirika la Viwango Tanzania halizikubali, na kwa mara moja serikali na mama mzazi wanasema kitu kimoja.

Belo halitoi kila kitu. Mtu anayetaka vazi linalomtambulisha atafika kwenye kitenge, na huko mtihani unaanza upya. Kitenge cha wax halisi hupigwa chapa ya utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Palipo na utomvu rangi haiingii, na utomvu ukivunjika huacha mishipa myembamba kama nyufa za sahani ya udongo. Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: geuza. Nyuma ikiwa imepauka kuliko mbele, hiyo ni chapa ya upande mmoja, hata kama maandishi ya ukingoni yanaapa vingine. Swali la pili: mishipa ile inafanana? Nyufa za kweli hazirudii umbo; za mashine hujirudia kila baada ya hatua fulani, na jicho likishaigundua mara moja haliwezi tena kuacha kuiona. Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, huchapa jina lake kwenye ukingo wa kitambaa, lakini jina hilo huigwa sana. Mama wa Lubumbashi anayenunua kikwembe, kama kitambaa hicho kinavyoitwa kwa Kiswahili cha huko, haanzi kwa kusoma ukingo. Anakisugua kati ya viganja.

Msuguano huo una sababu. Kitambaa hafifu hutiwa kanji nyingi ili dukani kionekane kizito na king'ae. Kikisuguliwa, kanji hutoka kama vumbi na kitambaa hulegea mkononi. Kikifuliwa mara ya kwanza hugeuka chandarua. Kitambaa kizuri nacho huwa na kanji yake, ila chini yake kuna nyuzi zilizobanana. Ukinyunyiza tone la maji na kulisugua kwa leso nyeupe, leso ibaki nyeupe au ichafuke kidogo tu. Indigo na wekundu mkali ndizo rangi za kupimwa hivi kwanza, hasa kama vazi litaunganishwa na kitambaa cheupe kwenye kola.

Baada ya hapo kila kitu kimo mikononi mwa fundi, na hapa ndipo vitenge vizuri huenda kufa.

Maua makubwa na duara za kitenge zina kichwa na miguu. Fundi asiyefikiri hukunja yadi sita, hupanga vipande alivyobana nafasi na kukata. Matokeo huonekana kanisani na harusini: ndege anayeruka kichwa chini miguu juu mgongoni, duara moja kubwa limetua sawasawa juu ya titi moja huku jingine likiwa na jani. Fundi mwenye jicho hutandaza kitambaa kizima kwanza, hukizunguka, hutafuta mstari wa katikati ya ua na kuuweka kwenye uti wa mgongo, kisha huhakikisha pande mbili za mbele zikifungwa zinakamilisha picha. Anapoomba yadi ya ziada kwa sababu hiyo, asishukiwe wizi. Ashukiwe yule anayesema kilicholetwa kinatosha na kitabaki.

Kabla ya kumwachia kitambaa, fundi apimwe kama shati lilivyopimwa. Omba kuona kazi ya mteja mwingine iliyotundikwa, uitazame ndani. Angalia pasi yake. Fundi wa kweli hupiga pasi kila mshono kabla ya kuungana na mwingine, kwa hiyo pasi yake haipoi mchana kutwa; fundi anayepiga pasi mara moja tu mwishoni, ili nguo ing'ae mteja akija, ameacha makunyanzi ndani ambayo hayatanyooka kamwe. Mwangalie anavyopima: je, anamwacha mteja apumue, akae, ainue mkono? Na aulizwe akiba ya mshono anayoacha ndani. Robo tatu ya inchi ubavuni ni ukarimu, maana mwili wa mtu anayekaa ofisini haugandi mahali pamoja. Nguo iliyokatwa bila akiba ni ya mwaka mmoja.

Fundi huyo huyo ndiye anayeigeuza nguo ya belo iwe ya mtu. Shati la mhasibu wetu lilipotoka Karume lilikuwa pana kiunoni na mikono ilimfika kwenye vidole. Vyote viwili ni kazi ya saa moja. Lakini kabla ya kulilipia alilivaa juu ya blauzi yake na kutazama kitu kimoja tu: mshono wa bega. Uliishia pale mfupa wake wa bega unapoishia. Ungekuwa umeshuka inchi mbili angeliacha, hata kama vifungo vingekuwa vya dhahabu, kwa sababu kupandisha bega ni kufumua mkono, kukata upya kwapa na kuomba Mungu. Kiuno hupunguzwa, pindo hupandishwa, mikono hufupishwa. Bega, kina cha kwapa na urefu wa kiwiliwili vibebwe kama vilivyo au viachwe. Wengi hufanya kinyume. Hukataa nguo kwa sababu suruali ni ndefu, wakanunua koti lenye mabega ya mwanamieleka.

Kuhusu rangi, ushauri wa kuaminika kuliko wa majarida ya Paris unatoka Kongo. Wasape wa Kinshasa na Brazzaville, watu ambao mwanamuziki Papa Wemba aliwapa umaarufu duniani mpaka alipofariki mwaka 2016, wanajulikana kwa suti za rangi zinazopiga kelele, lakini nyuma ya kelele hizo ipo kanuni yao kali: rangi zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Mtu wa ofisi anaweza kuichukua kanuni hiyo akaacha suti ya waridi. Mashati ya buluu na meupe, sketi za buluu nzito na kijivu, na rangi ya tatu ikatoka kwenye kitenge cha Ijumaa: kila kitu kinaoana na kila kitu, na asubuhi hata taa ikiwa imezimika mkono ukivuta chochote kabatini haukosei.

Wengine watasema kufanana kila wiki ni umaskini wa ubunifu. Historia ya hapa haikubaliani nao. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alivaa mtindo mmoja mpaka ukapewa jina lake, ukavuka mpaka wa nchi yake, na kaunda suti ikawa sare ya heshima ya kizazi kizima cha watumishi wa umma. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alipoipiga marufuku bungeni, ubishi uliozuka ulionyesha bado ina watu wake. Tanzania nayo iliwahi kuyaingilia makabati kwa nguvu: Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Sketi fupi ilirudi na kuondoka mara kadhaa tangu wakati huo. Kaunda suti iliyoshonwa vizuri miaka hiyo bado inatolewa sandukuni kwenye misiba, mabega yakiwa palepale.

Nguo iliyochaguliwa kwa taabu hivi hufuliwa kwa adabu. Hugeuzwa ndani nje tena, huanikwa kivulini, maana jua la pwani hula rangi upesi, na vifungo hufunguliwa vyote ili matundu yasivutike. Ndoo ya dawa ya kung'arisha isikaribie kitenge, na pamba nyeupe ionje dawa hiyo mara chache tu.

Shati la mistari lina miaka mitatu sasa. Mwezi uliopita mkunjo wa kola ulianza kutoa nyuzi, mstari mwembamba mweupe upande wa kushoto wa shingo, na mwenzake mmoja ofisini akamwambia lipumzike. Jioni hiyo mhasibu alilipeleka Buguruni kwa fundi mzee ambaye cherehani yake ya Butterfly imekwisha rangi ya dhahabu ubavuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Limekuwaje?"

Alimwonyesha kola. Mzee alivaa miwani, akaligeuza shati, akapitisha kidole gumba ubavuni kama alivyofanya yeye Karume, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua wembe na kuanza kufumua mshono unaoishika kola kwenye shingo, hatua moja baada ya nyingine, bila kugusa kitambaa. Kola ikatoka nzima. Akaipindua: upande uliokuwa chini miaka mitatu, haujaona jua wala shingo, ulikuwa mpya, mistari yake imekolea kuliko ya kifua. Akaichomeka mahali pake kwa pini nne, ule upande uliochakaa ukaangalia chini ambako hakuna atakayeuona.

"Njoo Alhamisi," alisema.

Mhasibu alijua hiyo ni Jumamosi, akapanga ratiba yake hivyo.